Mkanda wa injini unalia? Tafuta chanzo kabla ya kununua mpya

Malalamiko yanayoletwa gereji kuhusu mkanda wa injini yanafanana. Gari linapiga yowe likiwashwa asubuhi. Taa nyekundu ya betri imewaka katikati ya safari. Usukani umekuwa mzito ghafla. Mkanda mpya umekatika hata haujakaa. Na jibu la haraka nalo huwa lile lile: badilisha mkanda. Kuna siku jibu hilo ni sahihi. Siku nyingi mkanda umeumizwa na kitu kingine: beringi iliyokufa, puli iliyokaa upande, oili inayodondoka juu yake, au kifaa cha kuukaza kilichochoka. Ukifunga mpya bila kukitafuta kitu hicho, huo mpya nao utakufa kifo kile kile, na safari hii huenda ukakuacha porini.

Mkanda ninaouzungumzia hapa ni wa nje, unaoonekana ukifungua boneti, ambao wengi tunauita mkanda wa feni au fenibelti. Unachukua nguvu kwenye puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), chini ya injini, na kuzungusha alteneta, kompresa ya AC, pampu ya usukani kwa magari yenye usukani wa haidroliki, na katika injini nyingi pampu ya maji. Mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, ni habari nyingine, nimeuwekea sehemu yake mbele.

Kabla ya kugusa chochote

Zima injini na utoe ufunguo. Kama gari lako linawaka kwa kitufe, peleka rimoti mbali nalo. Feni ya umeme ya rejeta inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, na kwenye gari la haibridi injini yenyewe inaweza kujiwasha wakati wowote taa ya READY ikiwa imewaka. Vua saa, pete na bangili. Tai, mtandio na mikono mipana ya nguo visiwe karibu. Usiuguse mkanda injini ikiwa inaunguruma, hata kwa kitambaa, hata kwa mpini wa bisibisi.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: tochi ya simu, chupa ya kupulizia yenye maji safi, kipande cha chaki, na multimita ya kupima volti, hata ya bei ndogo.

Jua mkanda wako unazungusha nini

Hili ndilo litakaloamua kama unaweza kujikokota hadi kwa fundi au unatakiwa kuzima injini hapo hapo. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Toyota IST, Probox na Premio za cc 1500, ina mkanda mmoja wa nje unaozungusha pampu ya maji pamoja na alteneta. Ukikatika, maji ya kupoza injini yanaacha kuzunguka. Kwenye injini kama 3S-FE ya Noah za zamani, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo ukikatika ule wa nje unapoteza chaji na vitu vingine, ila injini haichemshi papo hapo. Land Cruiser zenye 1HZ hutumia mikanda ya umbo la V nje na mkanda wa taimingi ndani. Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, haina mkanda wa nje kabisa: pampu yake ya maji na kompresa ya AC vinaendeshwa na umeme. Ukisikia mlio kwenye gari hilo, usikubali kuuziwa mkanda.

Muulize fundi wako, au fuatilia mkanda kwa macho kutoka puli hadi puli, leo, gari likiwa zima.

Unalia ukiwasha asubuhi, kisha unanyamaza

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Ni mlio mrefu, mkali, wa sekunde chache hadi dakika, unaorudi ukiwasha AC au ukikata usukani mpaka mwisho. Maana yake mkanda unateleza juu ya puli.

Sababu ya kwanza ni kulegea. Kwenye magari ambayo mkanda hukazwa kwa kusogeza alteneta, kama hizo za 1NZ-FE, kulegea ni jambo la kawaida kadiri mkanda unavyotumika. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kutosha, katikati ya sehemu ndefu zaidi kati ya puli mbili. Ukizama kama sentimita moja hivi, uko vizuri. Ukizama zaidi sana, umelegea. Usipozama kabisa, kuna mtu ameukaza kupita kiasi. Kipimo chenyewe hutofautiana kati ya gari na gari, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa magari yenye tensiona, yaani kifaa cha kukaza mkanda, ya springi au ya haidroliki inayojikaza yenyewe, kidole hakikuambii mengi. Angalia badala yake alama ya mshale au mstari iliyo kwenye tensiona nyingi, ikuonyeshe kama mkono wake bado uko ndani ya eneo lake la kazi.

Ya pili ni mkanda uliong'aa. Mulika upande wenye mbavu, ile mistari iliyoinuka kwa urefu wa mkanda. Mpira mzuri hauna mng'ao. Ukiwa unang'aa kama umepakwa vanishi, umeungua kwa kuteleza na hautashika tena hata ukiukaza vipi. Huo unabadilishwa.

Ya tatu wengi hawaifikirii: betri. Betri iliyochoka hunywa chaji nyingi mara tu injini inapowaka, alteneta inakuwa nzito kuzunguka, mkanda unateleza. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa na afya na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imeshuka hadi nusu. Kama mlio umeanza kipindi kile kile gari lilipoanza kuwaka kwa shida, anzia hapo.

Ya nne ni unyevu, hasa msimu wa mvua au ukiwa umetoka kupita kwenye maji. Mlio wa sekunde chache unaoisha na haurudi mchana, kwenye mkanda ambao haujachakaa na uko kwenye mkazo wake, unaweza kuuacha.

Ya tano ni oili au maji ya rejeta yanayodondoka juu ya mkanda. Oili inalainisha mpira na kuuvimbisha. Usiuoshe ukadhani umemaliza. Ziba kwanza panapovuja, kisha ubadilishe mkanda.

Neno kuhusu tiba za haraka. Kuna wanaosugua kipande cha sabuni kwenye mkanda, na kuna dawa za kupulizia zinazouzwa kwa kazi hiyo. Mlio hukoma kwa siku mbili tatu, halafu mabaki yanakusanya vumbi kwenye mifereji ya puli, na sasa una mkanda unaoteleza pamoja na puli chafu. Mbaya kuliko hiyo ni kuukaza mkanda mpaka unyamaze. Ukizidisha mkazo, mzigo wote unahamia kwenye beringi ya alteneta na ya pampu ya maji. Mlio umeondoka, lakini umejinunulia pampu.

Chwi-chwi-chwi inayofuata mwendo wa injini

Hapa mlio si mrefu. Ni mfupi, unajirudia kama sauti ya kifaranga, na unaongeza kasi ukikanyaga mafuta. Kwa kawaida si wa kuteleza. Ni wa mkanda unaoingia kwenye puli kwa pembe mbaya.

Fanya kipimo cha maji. Washa injini iwe sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, simama pembeni, na upulizie maji kidogo upande wa mbavu za mkanda ukiwa mbali na feni. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi maji yakikauka, puli hazijapangana mstari mmoja au mkanda wenyewe umechakaa. Mlio ukizidi mara tu maji yanapogusa, tatizo ni mkazo: rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Usipobadilika kabisa, huenda si mkanda hata kidogo, ni beringi.

Kabla ya kufikiria puli iliyopinda, angalia uchafu. Kokoto ndogo au tope lililokauka ndani ya mfereji wa puli hutosha kuleta mlio huu. Mulika chini ya gari pia: ile kava ya plastiki inayofunika sehemu ya chini ya injini ipo? Magari mengi hapa kwetu yameipoteza, imeng'olewa na maji ya mafuriko au haikurudishwa siku ya kubadili oili, na kila kokoto inayorushwa na tairi la mbele inapata njia ya kwenda kwenye mkanda. Kuirudisha ni gharama ndogo kuliko mikanda miwili.

Uchafu ukiwa haupo, chungulia kutoka pembeni, jicho likiwa usawa na mkanda. Je, unapanda puli moja ukiwa umeegemea upande? Ubavu mmoja umetoka nje ya mfereji? Kama mlio ulianza mara baada ya kubadilishwa alteneta, kompresa au pampu ya maji, mwelekeze fundi kwenye kifaa hicho kabla ya kingine chochote. Puli isiyo ya modeli ile, au boliti ambayo haikukaa vizuri, inatosha kuvuruga mstari.

Magari mengi ya miaka ya karibuni, hasa ya dizeli, yana puli ya alteneta yenye klachi ndani: inazunguka huru upande mmoja na kushika upande mwingine. Ikikwama, mkanda unatetemeka, tensiona inadunda mbele na nyuma, na mlio unasikika zaidi ukizima injini. Fundi huipima mkanda ukiwa umetolewa. Hapo usibadilishe mkanda wala tensiona mpaka puli hiyo ipimwe, maana ikiwa imekufa itavila vyote viwili.

Kukwaruza, kunguruma au mlio wa chuma

Sauti ya chini, ya kusaga, isiyobadilika ukimwagia mkanda maji, ni ya beringi. Kwa mpangilio wa kawaida anza na puli ya tensiona na ile ya kuongozea mkanda, kisha alteneta, kisha pampu ya maji, kisha puli ya kompresa ya AC. Kumbuka puli ya kompresa huzunguka muda wote injini inapowaka, hata AC ikiwa imezimwa, kwa hiyo usiiondoe kwenye orodha kwa sababu tu hujawasha AC mwaka mzima.

Mkanda ukishatolewa, injini ikiwa imepoa, zungusha kila puli kwa mkono. Nzuri inazunguka kimya na laini. Mbovu inakwaruza, inakwama-kwama, au inacheza ukiisukuma juu na chini. Pampu ya maji ichunguzwe pia kama ina alama za maji yaliyokauka chini yake, weupe au rangi ya kulanti (maji ya rejeta): hiyo inavuja, na inabadilishwa hata kama haijaanza kelele.

Simama hapa na uite fundi kama sauti inatoka ndani ya injini na si mbele yake, au kama inaendelea vile vile mkanda ukiwa umetolewa. Kuwasha injini bila mkanda kwa ajili ya kusikiliza ni kazi ya sekunde chache tu, ifanywe na mtu anayejua nini kinategemea mkanda huo.

Taa ya betri inawaka njiani

Hii usiiahirishe. Watu wengi wanaona picha ya betri, wanajisemea betri ni mbovu, nitaangalia nikifika. Taa hiyo inasema gari halichaji, na moja ya sababu zake ni mkanda uliokatika au uliotoka. Kama mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, una dakika chache tu kabla injini haijachemsha.

Zima AC, tazama geji ya joto, tafuta mahali salama pa kusimama, uzime injini. Magari mengi madogo hayana geji, yana taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa na joto kupita kiasi. Usiisubiri ile nyekundu, inachelewa. Wala usitulizwe na feni ya rejeta inayozunguka: kwenye magari mengi feni ni ya umeme na itaendelea kupuliza hewa kwenye rejeta ambayo maji yake yamesimama.

Fungua boneti. Mkanda haupo, umechanika au umening'inia? Kama unazungusha pampu ya maji, safari imeishia hapo. Ita fundi aje na mkanda, au gari livutwe. Hedi ya injini nyingi za leo ni ya alumini, inapinda ikichemshwa, gasketi inaungua, na bili ya mkanda mmoja inageuka bili ya kufungua injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa na moto. Maji yaliyo chini ya presha huruka yakiwa yanachemka na yamewaunguza watu uso na mikono.

Kama pampu ya maji iko upande wa taimingi, unaweza kujikokota kwa chaji iliyobaki kwenye betri hadi pa karibu, mchana, AC na redio vikiwa vimezimwa, macho yako yakiwa kwenye joto. Lakini angalia kwanza vipande vya mkanda vimeenda wapi. Nyuzi zilizojiviringisha nyuma ya puli ya krenki zinaweza kuharibu sili ya oili, au kupenya kwenye kava ya taimingi na kuvuruga mkanda wa ndani. Ukiona nyuzi zimeingia huko, usiwashe.

Mkanda upo na unazunguka? Basi pima. Injini ikiwa inaunguruma, ncha za betri zisome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa na AC. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, huku mkanda ukilia, unateleza. Ikishuka kimya kimya, mwone mtu wa umeme wa magari kwa ajili ya alteneta, nyaya na fyuzi yake. Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji yenyewe kwa makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo namba moja ya chini, bila taa kuwaka, haitoshi kutoa hukumu.

Usukani mzito

Kama gari lako lina usukani wa haidroliki na umekuwa mzito pamoja na taa ya betri, ni mkanda. Ukiwa mzito peke yake, anza na kiwango cha mafuta ya usukani, kisha mkanda wa pampu hiyo kama una wake, kisha pampu. Magari mengi madogo kama Vitz na IST yana usukani wa umeme. Huko mkanda hauhusiki moja kwa moja, ingawa umeme ukishuka kwa kukosa chaji usukani nao unaweza kuacha kusaidia.

Haulii, lakini unaonekana mbaya

Hapa ndipo ukaguzi wa macho unapookoa pesa, na ndipo kanuni za zamani zinapowapotosha watu. Mikanda ya miaka ya nyuma ilikuwa ya neoprini. Ilizeeka kwa kupasuka, na fundi alihesabu mipasuko: mitatu au zaidi kwenye ubavu mmoja ndani ya sentimita mbili na nusu, toa. Mikanda mingi ya leo ni ya EPDM, mpira unaovumilia joto zaidi. Huu unaweza kufika mwisho wa maisha yake bila mpasuko hata mmoja. Unazeeka kwa kulika: mifereji kati ya mbavu inapanuka na kuwa ya kina, mbavu zinakaa chini kabisa ya puli, mkanda unapoteza mshiko. Ukiutazama juu juu utasema ni mzima.

Kwa hiyo usiangalie mipasuko tu. Pata mkanda mpya wa namba ile ile dukani na uulinganishe na wako. Mbavu za mpya zina vichwa bapa na mfereji mwembamba. Za mkanda uliolika zimechongoka na mfereji umekuwa mpana. Vipo pia vipimo vidogo vya plastiki vya kazi hii, mwombe fundi.

Mkanda unabadilishwa bila mjadala ukiwa na ubavu uliomeguka, nyuzi zilizotoka pembeni, oili iliyopenya kwenye mpira, au mgongo uliopasuka. Nyuzi za pembeni zina ujumbe wa ziada: mkanda unasugua kitu au puli hazijapangana. Tafuta huo msuguano kabla ya kufunga mpya.

Mkaguzi asiishie sehemu inayoonekana. Geuza injini kidogo kwa spana kwenye boliti ya krenki, kwa mwelekeo wake wa kawaida, ili sehemu iliyojificha ijitokeze. Vioo vidogo vya mkononi au kamera ya simu vinasaidia kuona mbavu, kwa sababu kwenye magari mengi kinachotazama juu ni mgongo.

Mkanda mpya unatoka au unakatika tena

Ukibadilisha mara ya pili ndani ya muda mfupi, acha kulaumu duka kwanza. Sababu inayokutwa sana ni namba isiyo sahihi. Mkanda ulioandikwa 6PK1220 una mbavu 6 na urefu wa milimita 1220. Wa 1230 utaingia, na tensiona itauvuta, ila itakuwa inafanya kazi mwisho wa uwezo wake. Wa mbavu 5 kwenye puli ya mbavu 6 nao utaingia, kisha utahama.

Inayofuata ni tensiona. Springi imechoka, au mkono umelegea kwenye egemeo lake na puli imeinama. Injini ikiwa sailensa, mkono wa tensiona utikisike kidogo tu. Ukidunda kwa nguvu, umekwisha. Injini ya 1ZZ-FE, ya Wish na Premio za cc 1800, ina tensiona ya haidroliki. Ikilowa oili yake yenyewe, imepasuka ndani.

Kisha puli ya krenki, na hii hupitwa na mafundi wengi. Puli hiyo si chuma kimoja. Ina kitovu, ina pete ya nje, na katikati kuna mpira unaomeza mitetemo ya injini. Mpira ukiachia, pete inahama au inayumba, mkanda unatoka kila siku na hakuna anayeelewa kwa nini. Chora mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye kitovu hadi kwenye pete. Endesha siku chache. Mistari ikiwa haikutani tena, puli imekufa. Usiendelee na safari ndefu kwa puli hiyo: pete ikichomoka inaharibu kila kilicho karibu.

Mwisho ni kifaa kilichokwama. Beringi ya kompresa au alteneta ikisimama kabisa, mkanda unaungua juu ya puli iliyosimama, unatoa moshi na harufu ya mpira, halafu unakatika. Ukisikia harufu hiyo, zima injini.

Mkanda wa taimingi hautoi onyo

Ukiwa ndani ya kava, haulii na hauonekani. Injini za cheni, kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, hazina mkanda huu. Zenye nao, zikiwemo 1HZ, 3S-FE na 1KZ-TE, hubadilishiwa kwa kilomita kama kitabu kinavyoelekeza, mara nyingi 100,000 au 150,000 kutegemea modeli. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda ukifika. Ukinunua gari lililotumika na taa haijawaka, hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Kama hakuna karatasi wala stika inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Dalili yake ya kukatika ni injini kuzima ghafla ukiwa unaendesha, kisha ukipiga stata inazunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida bila kushika. Usiendelee kupiga stata. Katika injini nyingi valvu na pistoni hugongana taimingi ikipotea, na kila mzunguko unaongeza hasara. Kazi hii si ya nyumbani, iwe una vifaa au huna. Na ukifungua, badilisha pamoja nayo tensiona, puli ya kuongozea na pampu ya maji kama iko humo, kwa sababu gharama kubwa ni ya kufika huko.

Ubadilishe lini

Kwa mkanda wa nje wa EPDM, anza ukaguzi wa makini gari linapokaribia kilomita 60,000 tangu ufungwe, kisha kila huduma ya oili. Ukifika 100,000 bila historia inayoeleweka, mimi naubadilisha hata ukionekana mzuri. Kwa magari yanayoshinda kwenye vumbi, au kwenye foleni na AC ikiwa imewaka, usiingoje hiyo laki. Kwenye foleni kilomita hazisongi lakini mkanda unazunguka saa nzima, tena bila upepo wa kuupoza. Umri nao unahesabika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Tanzania huingia hata ya zamani zaidi, na gari la hivyo linaweza kutua bandarini likiwa bado na mkanda wa kiwandani. Ukikabidhiwa gari, kagua mkanda wiki hiyo hiyo.

Dukani, nenda na namba iliyochapwa kwenye mkanda wako au namba ya chasi, si kwa kusema "wa IST" tu. Kama ule wa zamani ulifungwa na mtu mwingine, namba yake inaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe, basi namba ya chasi ni bora. Bando na Mitsuboshi ni watengenezaji wa Kijapani ambao mikanda yao hukutwa kwenye magari mengi ya Japani. Gates na Dayco nao wanajulikana. Majina hayo huigwa. Maandishi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole, mbavu zisizolingana, au mkanda usio na namba yoyote, rudisha.

Kabla ya kuutoa wa zamani, piga picha njia unayopita. Mkanda ukikaa puli moja kinyume unaweza kuzungusha pampu ya maji upande usio wake. Safisha mifereji ya puli kwa brashi kavu. Kwa gari la kukaza kwa alteneta, legeza boliti ya egemeo na ya kufungia kabla ya kuzungusha skrubu ya kukaza, usiisukume alteneta kwa nondo. Baadhi ya magari yana mikanda ya kunyumbulika isiyo na tensiona wala pa kukazia. Hiyo huvalishwa kwa kifaa chake maalumu, na ukiilazimisha kwa bisibisi utakata nyuzi za ndani usizoziona. Mpe fundi.

Ukishaufunga, pitisha kidole kwenye kila puli uhakikishe hakuna ubavu uliobaki nje ya mfereji. Washa injini dakika tano, zima, tazama tena. Mkanda wa kukazwa kwa mkono hulegea kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo upime tena kwa kidole gumba baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na uandike tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya boneti.